Kuformata si Kutengeneza: Kuhusu Skrini Nyeusi Mjini Bunia

Rai iliyoenea miongoni mwa mafundi na watumiaji wa kompyuta mjini Bunia, jimboni Ituri nchini Kongo, ambayo sasa imekuwa kama kanuni isiyodaiwa ushahidi, ni kwamba kompyuta inayowashwa ikakataa kuonyesha eneokazi lake, yaani ule uwanja wenye picha ndogondogo, madirisha na kishale cha kipanya, imekwisha, na kwamba dawa yake ni moja tu: kuformata. Neno hilo, lililopokewa kutoka Kifaransa cha shuleni na sasa linanyambulishwa kama kitenzi chochote cha Kiswahili, lina maana ya kufuta diski nzima na kusimika upya mfumo endeshi, ambao ni programu kuu inayoitawala mashine na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Makala haya yanaipinga rai hiyo waziwazi. Yanadai kwamba katika mifumo ya ukoo wa Unix, ambayo Linux ndiyo maarufu zaidi kati yake, skrini nyeusi kwa kawaida ni ukimya wa programu moja miongoni mwa nyingi zilizo hai. Kwamba programu hiyo huacha maandishi yanayoeleza sababu ya kunyamaza kwake. Na kwamba fundi anayefuta diski kabla ya kuyasoma maandishi hayo hajatengeneza kitu, ila ameangamiza ushahidi pamoja na mali ya mwenye mashine.

Zamani kidogo ugomvi huu ungeweza kuachiwa wataalamu wachache, kwa sababu Windows ndiyo iliyokuwa karibu katika kila mashine. Hali imebadilika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za mitumba, zikiwemo zile zinazoingia Ituri kutoka Uganda kupitia Mahagi au kwa kuvuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, haziwezi kuyatimiza. Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia mbili: abaki na mfumo ambao haurekebishwi tena kwa kawaida, au aweke Debian, Ubuntu, Linux Mint au mojawapo ya ndugu zao, ambazo hutolewa bure na hukubali kukaa katika mashine kuukuu. Wanaochagua njia hii ya pili huingia katika mfumo mpya wakiwa na mazoea ya zamani, na zoea baya kuliko yote ni hilo la kuformata.

Zoea hilo lina chanzo chake, na haki inadai kielezwe. Mtu aliyekulia katika Windows hajawahi kuiona mashine bila picha, hivyo picha na mfumo vimekuwa kwake kitu kimoja. Wala hajakosea kabisa, kwa kuwa Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ilihamisha sehemu kubwa ya kazi ya kuchora ikaingizwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoshughulika na vifaa moja kwa moja. Unix ilipita njia nyingine. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, haikuwa na picha yoyote: mtu aliandika amri, mashine ikajibu kwa maandishi. Picha zilikuja baadaye, mwaka 1984, Bob Scheifler na Jim Gettys walipoanza kuunda mfumo wa madirisha uitwao X katika chuo cha MIT, na toleo lake la 11, lile la mwaka 1987, ndilo ambalo bado linachora madirisha katika mashine nyingi za Linux, ingawa Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, inachukua nafasi yake hatua kwa hatua. La kushika hapa ni kwamba X iliundwa kama programu ya kawaida inayokaa juu ya mfumo, hata ikawezekana programu iendeshwe katika kompyuta moja na dirisha lake lionekane katika kompyuta nyingine iliyo mbali. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi mpangilio huo. Kwa hiyo picha ikitoweka, mfumo ulio chini yake waweza kuwa unaendelea na kazi, kama redio inavyoendelea kupokea mawimbi hata waya wa spika ukikatika.

Anayetaka kulithibitisha hilo na aifuate safari ya mashine tangu kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa. Kwanza huamka programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mama, BIOS au mrithi wake UEFI, ambayo hukagua vifaa na kuonyesha nembo ya mtengenezaji. Hiyo hukikabidhi kazi kipakiaji, ambacho katika Linux kwa kawaida ni GRUB, na GRUB huiingiza kerneli katika kumbukumbu ya mashine. Kerneli huvitambua vifaa, huifungua diski, kisha huanzisha programu mama, ambayo katika matoleo mengi ya leo huitwa systemd, nayo systemd ndiyo inayoziamsha huduma nyingine zote, kama vile mtandao, saa na uchapishaji. Karibu na mwisho wa msafara huo huamshwa bawabu wa mlango wa picha, programu kama GDM, LightDM au SDDM, ambayo huchora ukurasa wa kuandikia nenosiri. Mtu akikubaliwa, ndipo eneokazi lenyewe, liwe GNOME, KDE au Xfce, linapofunguliwa kwa jina lake. Eneokazi, basi, ni pingili ya mwisho ya mnyororo mrefu, na kila pingili inapokatika huacha alama yake kwenye skrini. Mashine inayoganda kwenye nembo ya mtengenezaji haina ugomvi na eneokazi hata kidogo. Ile inayosimama penye neno grub ikingoja amri imepoteza njia ya kuvifikia vitu vyake diskini. Ile inayomwaga mistari ya maandishi kisha ikaishia penye neno initramfs imeshindwa kuufungua mfumo wa mafaili. Na ile inayolipokea nenosiri, ikawa nyeusi kwa sekunde moja kisha ikarudi kwenye ukurasa uleule wa nenosiri, imezipita pingili zote isipokuwa moja. Muuguzi atakayewapa wagonjwa wa maradhi manne dozi moja ya malaria bila kupima damu ya yeyote atalaumiwa na kila mtu, na fundi anastahili kupimwa kwa kipimo hichohicho.

Mgonjwa huyo wa nne, anayerudishwa mlangoni kila akibisha, anafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiye anayeonewa kuliko wote. Vitufe vya Ctrl, Alt na F3 vikibonyezwa pamoja, na katika baadhi ya kompyuta mpakato Fn ikiongezwa, hutokea skrini ya maandishi matupu ambayo Linux huiweka tayari nyuma ya pazia. Ikitokea, nusu ya hukumu imekwishatolewa: kerneli i hai, diski inasomeka, systemd inafanya kazi. Fundi huandika jina la mtumiaji na nenosiri, kisha amri fupi, df -h, ambayo huorodhesha sehemu za diski na kiasi kilichojaa katika kila moja, na aghalabu jibu huwa mstari mmoja wenye asilimia 100. Diski imejaa: filamu, muziki, vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kusahauliwa, au lile faili lililofichika liitwalo .xsession-errors, ambalo programu yenye hitilafu imekuwa ikiliandikia malalamiko yake mchana na usiku hadi likafikia gigabaiti kadhaa. Ili kumfungulia mtu eneokazi lake, mfumo unaotumia X na LightDM hauna budi kuandika kwanza faili dogo liitwalo .Xauthority, ambalo ni kama hati ya ruhusa inayothibitisha kwamba mtu huyo ana haki ya kuchora kwenye skrini hiyo. Faili hilo kwa kawaida halifiki hata kilobaiti moja. Lakini diski iliyojaa haina nafasi ya herufi moja. Hati haiandikwi, eneokazi hufungwa papo hapo, na mtu hujikuta tena mbele ya ukurasa wa nenosiri.

Mbona, basi, ukurasa wenyewe ulichorwa ikiwa diski imejaa? Jibu limo katika uamuzi wa busara uliomo katika ext4, mfumo wa mafaili unaotumika sana katika Linux: kwa kawaida asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mashine, aitwaye root, ili mtumiaji wa kawaida akijaza kila pembe, msimamizi abaki na mahali pa kusimama. Katika sehemu ya diski yenye gigabaiti 100, gigabaiti 5 ni zake. Ukurasa wa nenosiri hutayarishwa na huduma zinazoanzishwa kwa mamlaka ya root, ilhali eneokazi hufunguliwa kwa jina la mtumiaji ambaye hana fungu hilo. Hali ileile anayoisoma fundi kama kifo ni ushahidi kwamba kinga imefanya kazi iliyowekewa. Amri ya sudo apt clean, ambamo neno sudo huomba mamlaka ya root kwa amri moja tu, huondoa vifurushi vilivyosahauliwa. Filamu mbili huhamishiwa kwenye flashi. Na mtu huingia katika eneokazi lake akakuta kila kitu mahali alipokiacha. Na ikiwa df -h inaonyesha nafasi tele, liko swali la pili: je, .Xauthority ni mali ya nani? Aliyewahi kuzianzisha programu za picha kwa sudo anaweza kuwa ameliacha faili hilo mikononi mwa root ndani ya nyumba ya mtumiaji, mwenye nyumba akakosa ruhusa ya kuliandika. Amri ya ls -l humtaja mwenye faili, na amri ya chown humrudishia anayestahili. Hapo pia hakuna kilichofutwa.

Kwenye skrini hiyo ya maandishi upo mtego unaowahusu sana watu wa Kongo. Mfumo uliosimikwa kwa Kifaransa huipanga kibodi kwa utaratibu wa AZERTY unaofuatwa katika nchi nyingi zinazotumia lugha hiyo, lakini mashine iliyotoka Uganda au Dubai ina vitufe vilivyochapwa kwa utaratibu wa QWERTY. Kwa hiyo kitufe chenye A huandika Q, chenye Z huandika W, herufi M haipo pale ilipochapwa, na tarakimu hazitoki mpaka kitufe cha herufi kubwa kishikiliwe. Tena skrini ya maandishi haionyeshi chochote nenosiri linapoandikwa, hata nyota. Mtu huandika nenosiri lililo sahihi kabisa kwa macho yake, akakataliwa mara tatu, na fundi akatangaza kwamba nenosiri limeharibika na flashi ya kuformata ikatolewa mfukoni. Kipimo chake ni rahisi: nenosiri liandikwe kwanza mahali pa jina la mtumiaji, ambapo herufi huonekana, ili ijulikane kibodi inaandika nini hasa, kisha lifutwe kabla ya mtu mwingine kulisoma. Diski za watu zimefutwa kwa kosa la kuchanganya Q na A.

Umeme nao una sehemu yake. Bunia kwa miaka mingi imetegemea bwawa la Budana kwenye mto Shari, mali ya kampuni ya dhahabu ya SOKIMO, pamoja na jenereta na paneli za jua za watu binafsi, na kila afanyaye kazi mjini anajua kwamba umeme hukatika bila kuaga. Ukikatika katikati ya uandishi, ext4 huwa na daftari la ndani linaloorodhesha mabadiliko yaliyokuwa yakiendelea, na mashine ikiwashwa tena hulisoma daftari hilo na kujisahihisha kwa sekunde chache; daftari lisipotosha, mashine huishia kwenye ile hali ya initramfs na kuandika kwamba mfumo wa mafaili unahitaji kukaguliwa kwa mkono, ikitaja amri ya kutumia, fsck, na jina la sehemu ya diski inayohusika. Mashine imemwambia fundi neno la kuandika. Fundi asiposoma, kosa haliwezi kutupiwa Linux. Umeme ukikatika programu zinaposasishwa, vifurushi hubaki vimesimikwa nusu, na eneokazi linalotegemea sehemu iliyokosekana halifunguki. Amri ya dpkg --configure -a, ikitolewa kwa mamlaka ya root, huendeleza kazi ilipoishia. Kerneli mpya ikiwa ndiyo iliyoharibika, Debian na Ubuntu huiacha ya zamani ikiwa bado ipo, na GRUB huionyesha katika orodha yake ya chaguo za ziada. Hata betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ile ya CR2032, huleta matata yake: ikiisha, saa ya mashine hurudi miaka nyuma kila umeme unapokosekana, na apt, programu inayoleta vifurushi, hukataa orodha halali kwa sababu tarehe yake inaonekana kuwa ya siku zijazo. Fundi huona mfumo unaokataa kurekebishwa, kumbe kinachohitajika ni betri mpya na tarehe sahihi.

Watetezi wa kuformata wana hoja, na ile nzito zaidi ni ya wakati. Kusimika mfumo upya, wasema, kunajulikana mwanzo na mwisho, wakati kutafuta chanzo kunaweza kumla mtu siku nzima, na mteja aliyesimama mlangoni hamlipi fundi kwa kufikiri. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kusimika upya kungemaliza kazi, lakini hesabu yake huachwa njiani. Saa ya kusimika mfumo si saa ya kuirudisha kompyuta katika hali ya mwenyewe, maana baada yake kuna kichapishi cha kutambulishwa upya, programu za kupakua, mipangilio ya barua na hati za kutafutwa. Zaidi ya hayo, ugonjwa wenyewe hurudi. Mfano mzuri ni kadi za picha za NVIDIA. Kiendeshi chake, yaani kipande cha programu kinachoiwezesha kerneli kuzungumza na kadi hiyo, kikiwa ni kile kinachotolewa na kampuni yenyewe, mara nyingi huhitaji kuundwa upya kwa kila kerneli mpya, na kazi hiyo haifanyiki ikiwa mafaili ya vichwa vya kerneli hiyo hayapo kwenye diski. Kerneli mpya huja, kiendeshi hakiundwi, skrini huwa nyeusi. Fundi huformata, mfumo mpya hufunguka kwa kiendeshi huria kiitwacho nouveau, mteja hufurahi, kiendeshi cha kampuni huwekwa tena, na kerneli itakayofuata huleta weusi uleule. Fundi aliyesoma angesimama kwenye GRUB, akabonyeza herufi e, akaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, neno linaloiambia kerneli isiwashe viendeshi vyake vya kupanga picha, kisha akaingia kwa picha hafifu na kuleta vichwa vilivyokosekana. Anayeformata mara tatu kwa mwaka kwa sababu moja hana haki ya kusema ameokoa wakati.

Wala kutafuta chanzo hakumli mtu siku nzima, akijua pa kutazama. Amri ya journalctl -b -p err huonyesha makosa tu yaliyoandikwa tangu mashine ilipowashwa, na faili la Xorg.0.log, lililo katika /var/log au ndani ya nyumba ya mtumiaji, hutia alama ya herufi mbili, EE, mbele ya kila kosa lililoipata X. Mistari ya EE huwa michache. Mtu anayeweza kusoma bei kwenye bidhaa anaweza kuitafuta.

Hoja ya wakati ina upofu mwingine mbaya zaidi: haimhesabii mwenye mashine hasara yake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia, wa Chuo Kikuu cha Shalom au wa chuo cha ualimu cha ISP ambaye ameandika kazi yake ya mwisho, ile TFC, kwa miezi mingi katika kompyuta moja isiyo na nakala pengine, hanunui eneokazi anapompelekea fundi mashine; ananunua kazi yake. Mwenye kibanda cha kuchapa hati kando ya Boulevard de la Libération ana barua, mikataba na orodha za wateja wake. Bunia ni mji ulioporwa mwezi Mei 2003, hata kikosi cha Umoja wa Ulaya kikaingia mwezi uliofuata kwa operesheni Artemis, na watu wake hawahitaji kufundishwa maana ya kupoteza karatasi isiyo na nakala. Kumfutia mtu kama huyo diski ambayo ilikuwa nzima, kwa sababu tu skrini ilikuwa nyeusi, ni dhuluma, na kwamba fundi hakukusudia ubaya hakumrejeshei mwanafunzi ukurasa hata mmoja.

Gharama ya mega, yaani data ya intaneti, nayo huwaelemea wanaoformata. Faili la kusimikia Ubuntu 24.04 linazidi gigabaiti 5, na masasisho yanayofuata huongeza mzigo huo, katika mji ambao wengi wake hununua mega kidogokidogo kwa simu. Aidha, mtandao wenyewe hauna dhamana: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote na haikurudishwa mpaka kipindi cha wiki tatu hivi kikapita. Fundi ambaye ujuzi wake wote ni kupakua na kusimika upya alikuwa hana kazi katika siku hizo, ilhali maandishi ya makosa yamo ndani ya diski ileile inayolalamikiwa, na mwongozo wa amri, unaofunguliwa kwa neno man likifuatwa na jina la amri, kwa kawaida upo humohumo pia. Kuchunguza hakuli mega hata moja.

Husemwa pia kwamba maandishi hayo ni ya Kiingereza, na kwamba fundi wa Bunia, aliyesoma kwa Kifaransa na anayefanya biashara kwa Kiswahili, hawezi kudaiwa kuyaelewa. Sehemu ya dai hili ni kweli, kwa kuwa ujumbe wa kerneli hautafsiriwi. Lakini programu nyingi za juu yake husema Kifaransa mfumo ukisimikwa kwa Kifaransa, na diski iliyojaa hujitangaza yenyewe: « Aucun espace disponible sur le périphérique ». Hakuna aliyemaliza shule ya sekondari Ituri anayehitaji mkalimani kwa maneno hayo. Kuhusu Kiswahili, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux, na hivyo kuonyesha kwamba lugha hii inaweza kuyabeba mambo ya kompyuta ikipewa nafasi. Maneno ambayo fundi hana budi kuyatambua katika Kiingereza cha mashine ni machache, yanayohusu nafasi, ruhusa, kitu kisichopatikana na kazi iliyoshindikana, na yanaweza kuandikwa kwa maana zake za Kiswahili kwenye kadi moja ikabandikwa ukutani juu ya meza ya kazi.

Haisemwi hapa kwamba kusimika upya ni haramu daima. Diski yenyewe ikianza kufa, ikitoa milio na kuorodhesha makosa ya kusoma katika maandishi ya kerneli, hati zinakiliwe upesi kwenye diski nyingine na mfumo uwekwe katika diski mpya. Na hapo kuiformata ile ya zamani ndilo jambo baya kuliko yote, kwa kuwa ni kuitwisha kazi nzito ya kuandika wakati inakata roho. Mfumo ambao uboreshaji wake ulikatika vibaya hadi vifurushi vikagombana vyote nao unaweza kufikia mahali ambapo kuanza upya ni nafuu. Lakini hata hapo sharti halibadiliki: kompyuta iwashwe kwa Linux iliyo kwenye flashi, ambayo huendeshwa bila kugusa diski, nyumba ya mtumiaji inakiliwe, mwenyewe aonyeshwe hati zake zikifunguka, ndipo afute mtu.

Lawama zisiishie kwa mafundi, kwani wao hufanya walichoonyeshwa, na mteja anayeuliza bei ya kuformata kabla ya kueleza tatizo huwasukuma kulekule. Wanaoweza kuigeuza hali hii ni walimu wa informatiki wa mjini. Na wafanye hivi katika mtihani ujao wa vitendo: kila mwanafunzi akabidhiwe kompyuta yenye Linux iliyojazwa diski kwa makusudi, inayorudi kwenye ukurasa wa nenosiri kila mara, ikiwa na TFC moja ya mfano ndani yake, aruhusiwe kutumia amri yoyote anayoijua, na apewe sifuri akiifuta.